Mwaka wa Chipsi Bila Mayai

Ukimuuliza Mtanzania yeyote wa Berea, hapa Johannesburg, habari za mwaka ule, hatakutajia tarakimu. Atakwambia ni mwaka wa chipsi bila mayai. Kuku walikufa kwa maradhi huko mashambani, mayai yakapotea madukani, na yaliyobakia yakawekwa nyuma ya kaunta pamoja na sigara, unaomba kama unaomba dawa. Sasa mpe mtu wa kwetu chipsi kavu uone atakavyokutazama. Umeme nao ulikuwa ukikatwa asubuhi na jioni, kwa hiyo hata hizo chipsi kavu tulizikaangia kwenye gesi, na gesi ikiisha tulikula mkate na samaki wa kopo, yule mwenye mchuzi mwekundu, mpaka ngazi za jengo zima zikanuka pumzi za samaki. Hivyo ndivyo tulivyokula mwaka aliokufa mjukuu wangu Nasra. Nimeanza na chakula makusudi. Yeye angeanza na chakula.

Habari za nilikotoka, nani alinioa na nani aliniacha, hazimo humu. Tanga iko palepale, anayeitaka aende. Naandika kwa sababu Jumapili iliyopita binti yangu Riziki, mama yake Nasra, alipanda ngazi zangu kwa mara ya kwanza tangu ahamie mtaa wa Malvern. Alikuja na mfuko wa machungwa, akaketi kwenye kiti chake kilekile, akaniomba kitu kilekile alichoniomba mwaka ule. Nimeona nieleze kilikotoka, maana kila mtu ameshakieleza isipokuwa mimi.

Tulikaa ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ilikufa kabla sijafika na mpaka leo haijazikwa. Chumba kikubwa kilikatwa katikati kwa pazia. Upande wa roshani tulikuwa mimi, Riziki na Nasra. Upande wa pili Mama Furaha, Mkongomani wa Bukavu, fundi cherehani, mlokole wa kuimba mpaka vyombo vinatikisika. Jiko lilikuwa moja, na mimi na yeye tulikula sahani moja miaka mingi, nyama yake siyo, mboga yake ndiyo. Kwa pazia lile tulisikiana kila kitu, hadi ndoto. Mimi nilikuwa nauza vitumbua kwenye kona, nikikalia kreti la soda. Nasra alikuwa anasoma chuo. Kiswahili alikisikia chote lakini alijibu kwa Kiingereza, na akikasirika kwa Kizulu. Tangu aachishwe ziwa alilala kitanda kimoja na mimi, mgongo kwa mgongo, na miguu yake ya baridi akiiweka kwenye yangu kama mwenye haki. Alikuwa na tabia moja iliyonitoa roho: akirudi chuo anafungua friji, anasimama pale pale mlango wazi, anakunywa maji kwenye jagi mdomo kwa mdomo, mpaka yanamchuruzika kidevuni.

"Nasra! Glasi zimekufa?"

"Bibi, it's just water."

"Na mate yako nayo ni just water?"

Anacheka, anafuta kidevu kwa mkono wa sweta, anarudia tena.

Siku yenyewe umeme ulikuwa umekatwa, na umeme ukikatwa robot za barabarani, yaani taa za kuongozea magari, zinazimika, kila dereva anajitungia sheria. Nasra alikuwa Jules Street, ametoka kwa rafiki yake aliyekuwa akimsuka. Walifika nusu ya kichwa, wakakubaliana wamalizie kesho. Alipokuwa anavuka, teksi moja, hivi vibasi vya hapa, ilikata kona bila kungoja mtu. Ilimpiga kichwani.

Hospitali walimlaza chumba cha mashine. Ukimtazama, wallahi, mzima: kifua kinapanda na kushuka, mkono una joto, kucha zina ile rangi ya zambarau aliyojipaka Ijumaa. Kichwa tu ndicho kilichofungwa. Daktari, kijana mwenye miwani na sauti ya chini, alizungumza na Riziki kwa Kiingereza kirefu. Kiingereza changu mimi ni cha kuuzia vitumbua, lakini neno sori nalijua. Ndilo la kwanza kujifunza ukifika Johannesburg; unakanyagwa mguu, unaambiwa sori. Yule daktari alilisema mara nyingi.

"Anasema nini?" nikamuuliza Riziki.

"Anasema tusubiri, Mama."

"Mbona anaomba radhi?"

"Kwa kutuweka. Wagonjwa ni wengi leo."

Nikaridhika. Mtoto uliyemzaa mwenyewe, na ndiye masikio yako katika nchi ya watu, utamdhania nini? Nikatoa msahafu wangu mdogo nikamsomea Nasra Yasini, nikamaliza nikaanza tena, namwomba Mungu amnyanyue. Leo najua daktari alisema nini. Alisema ubongo umekufa, kinachopumua ni mashine na siyo mtoto, na wamempima madaktari wawili, kila mmoja peke yake, wakaona jambo lilelile. Leo najua pia kwamba wakati nimefika nusu ya Yasini ya pili, Riziki alikuwa ameshasema ndiyo: wachukue moyo, wachukue figo, wachukue chochote kinachoweza kumfaa mtu. Kusubiri tulikuwa tunasubiri kweli, hakunidanganya hapo. Tulikuwa tunasubiri wapasuaji. Mama Furaha alikuja na chai kwenye chupa, akasimama miguuni mwa kitanda akalia kupita kiasi, mpaka nikamkemea. "Nyamaza bwana, utamtisha mtoto," nikamwambia. Akaweka kanga mdomoni. Alijua na yeye.

Walipokuja kusukuma kitanda, Riziki akaniambia wanampeleka kupimwa. Nilikifuata kitanda koridoni mpaka kwenye milango miwili ya kufungukia ndani, wanapokuzuia, nikamwinamia Nasra sikioni. Nikamwambia, "Ukirudi nakukaangia chipsi mayai. Mayai nitayapata, hata kama ni Pretoria nitakwenda." Nesi aliyeshika kitanda hakujua Kiswahili, simlaumu. Lakini Riziki alikuwa ubavuni mwangu na Mama Furaha alikuwa nyuma yangu. Walisikia kila neno. Waliniacha niseme.

Baadaye wakaniambia amefia humo ndani. Walipanga yote, wakasahau kuosha. Kwetu mwanamke huoshwa na wanawake, na wa kwanza kuitwa ni wa damu yake. Riziki alidhani kwa kuwa hapa Johannesburg wapo wanawake wa msikiti wanaofanya kazi hiyo, na kwa kuwa mimi ni mzee na magoti yangu mabovu, nitakaa kwenye kiti nipepewe. Akanizuia mlangoni.

"Mama, pumzika. Bi Tatu na wenzake watamwosha."

"Siku aliyozaliwa nani alimwogesha?"

"Wewe, Mama."

"Basi nipishe."

Niliuona. Mshono kutoka chini ya koo mpaka chini ya kitovu, kazi safi, nyuzi zimekaribiana kama pindo la Mama Furaha. Mikono ikanisimama na kopo la maji hewani. Bi Tatu, mkuu wa waoshaji, mwanamke wa haki ambaye hakuambiwa lolote, akaninong'oneza, "Aliyekufa kwa ajali serikali humpasua, da Saumu, ipate kujua sababu. Mwagia tu." Nikamwagia. Nikazifumua zile nywele za nusu kichwa zilizosukwa, nikaziosha zote, nikamsuka misuko mitatu kama inavyotakiwa, nikampaka karafuu maiti. Nilikuwa namwomba radhi kimoyomoyo kwa niaba ya serikali. Ndiyo upuuzi walionifanya niufanye: naiombea radhi serikali, na aliyefanya yuko nje ya mlango amevaa baibui langu.

Siku ya hitima chumba kilijaa. Wanawake walikaa chini mpaka kwenye roshani, pilau linazunguka, jozi za viatu zimejaa hadi kwenye ngazi. Mgeni mmoja aliomba maji, nikainuka mwenyewe kwenda jikoni. Kwenye pazia nikasimama, kwa sababu nilisikia kisu kinakata kachumbari taratibu, kile kisu cha watu wanaosema siri.

"Ule mutu wa moyo," ilikuwa sauti ya Mama Furaha, "bale ba hospitali bamesema nini?"

"Ameamka," Riziki akajibu. "Na yule dada aliyepewa figo ameamka pia."

"Mungu iko mukubwa. Sasa ambia mama yako. Mimi hii mambo inanilemea, Riziki. Ninakula naye sahani moja."

"Simwambii. Hatoelewa."

Nikafungua pazia. "Nani hatoelewa?"

Kisu kikaanguka. Mama Furaha akapiga ishara ya msalaba ambayo walokole wenzake hawapigi. Riziki alikuwa mweupe kama unga, na mimi sikupiga kelele, kwa kuwa wageni walikuwa wanasoma dua. Nilimwambia kwa sauti ya chini asimulie, akasimulia yote ameegemea sinki. Watu walikwenda chuoni kwa akina Nasra kuwaeleza wanafunzi habari za kutoa viungo, yeye akajiandikisha siku hiyohiyo. Akamwambia mama yake, nikifa mtoe. Akamwambia na Mama Furaha, siku alipokwenda kupimwa gauni.

"Na mimi?" nikauliza. "Tulilala kitanda kimoja."

Riziki akatazama chini. "Alisema, Bibi msimwambie. Bibi hatoelewa."

Niliokuwa nao walikuwa watatu, na wote watatu walikuwa na neno moja. Darasa la nne sikulimaliza, ni kweli. Lakini nilielewa njia ya kuja nchi hii bila kumjua mtu, nilielewa Kizulu kwa kukaa kwenye kreti, nilielewa mtoto wa Riziki anaumwa kabla Riziki hajaelewa. Kuna nini hapo cha kumshinda mtu? Huyu amekwisha, yule anakufa, mpeni. Hata yai lingelielewa jambo hilo. Mishono ningeivumilia. Ile hatoelewa ndiyo iliyonikata, na hiyo haikushonwa na mtu.

Habari zilifika Tanga kabla sijatoa mkeka wa matanga. Shemeji yangu Sefu, mdogo wa marehemu mume wangu na mkubwa wa ukoo aliyebakia, akapiga simu. Riziki aliiweka kwenye sauti kubwa kwa kuwa masikio yangu yamechoka.

"Shemeji, tunasikia huko mmemuuza mtoto vipande vipande."

"Sefu, kasukutue mdomo. Riziki hakuuza kitu. Alitoa, na waliopewa hawajui hata jina lake. Ukilirudia neno hilo nakuja hukohuko nikuzabe kofi, na mvi zako."

Akacheka kidogo, maana ananijua. Halafu akauliza kama mtu anayefunga shauri, "Haya. Kwa hiyo na wewe shemeji ulikubali?"

Riziki alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ameshika kanga yangu. Midomo yake ilikuwa inasema bila sauti: sema ndiyo, Mama, sema ndiyo. Nilijua uzito wake. Katika ukoo ule nikisema jambo nimelikubali, hakuna anayelifungua tena. Riziki angetoka msafi. Nilimtazama, nikamkumbuka koridoni, ubavuni mwangu, wakati naahidi mayai.

"Sisemi nilikubali. Sikuulizwa."

Sefu akakata simu bila kuaga. Toka hapo Riziki akawa mwanamke aliyemkata mwanawe kwa siri, nyuma ya mama yake. Harusi za huko hakualikwa. Salamu zikija zinakuja zangu peke yangu, zimemruka kama dimbwi. Alinitazama kwa wiki kadhaa kana kwamba mimi ndiye niliyeshika kisu, kisha akafungasha akaenda Malvern. Nikabaki na kitanda kipana. Mama Furaha alikuwa ananisukumia sahani chini ya pazia, nami nairudisha na chakula chake, mpaka siku alipopika sombe, kisamvu cha kwao, akaleta mwenyewe akaketi sakafuni. "Mama Riziki, kula ama nikufie hapa," akasema. Nikala. Nilimsamehe nusu, na nusu hiyo ndiyo tunayoishi nayo.

Baridi ilipopungua alikuja sista, ndivyo hapa wanavyomwita nesi, Mzulu mnene mwenye kicheko, ambaye kazi yake ni kuwafuata jamaa za waliotoa. Riziki ndiye aliyempa anwani yangu. Mama Furaha alikuwa ameshavuta kiti ili atafsiri. Nikamwambia arudi kwenye cherehani yake, mimi wakalimani nimeshiba. Tukakaa wawili, mimi na sista, na Kizulu changu cha kwenye kreti. Akaniambia jina hawezi kunipa wala mahali, sheria haimruhusu. Lakini yule wa figo ni mwanamke mwenye watoto, na kabla ya hapo figo zake zilikuwa zimekufa miaka mingi, akafungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na maji alikuwa anapimiwa kikombe kidogo cha siku nzima. Akishikwa na kiu ananyonya barafu. Mkojo alikuwa ameshausahau.

Nikafikiri. Kisha nikauliza lililokuja mdomoni. "Sasa uyachama?" Ni Kizulu cha mtaani, yaani anakojoa?

Sista alicheka mpaka akavua miwani. "Uyachama, Gogo! Kakhulu!" Anakojoa, Bibi, sana, tena anawapigia simu hospitali kuwaambia. Na maji anakunywa glasi mpaka chini, anajaza nyingine.

Hapo ndipo nililia. Tangu hospitali nilikuwa sijalia, nilikuwa na hasira tu, na hasira inakausha. Nililia kwa sababu nilimwona: yuko mwanamke katika nchi hii amesimama mbele ya friji, mlango wazi, anakunywa maji mpaka yanamchuruzika, na anayeyapitisha ni mjukuu wangu. Sista alinishika mkono. Faraja yangu ni hiyo, na ni kubwa, na sikuletewa na mkalimani. Jagi lile bado liko kwenye friji. Siku hizi nami nakunywa mdomo kwa mdomo, na hakuna wa kunigombeza.

Watu wanadhani faraja ikihamia, machungu yanahama. Kwangu vimekaa vyote, kama tulivyokaa na Mama Furaha, pazia katikati, na kila kimoja kinasikia kingine kikikoroma.

Sasa turudi Jumapili ile. Riziki amepata mvi mbele, zimempendeza. Alimenya chungwa bila kulila. Akaniambia wanawake wa msikiti wanafanya mkutano kuhusu kutoa viungo, sheikh amesema kwa msimamo wake anayetaka hakatazwi, yule sista mnene atakuwepo, na wanataka mimi niketi mbele niseme. Mtoto wa Sefu amekuja Johannesburg kikazi, na mke wake atakuja kusikiliza. Kitakachosemwa pale kitafika Tanga kabla ya magharibi.

"Nitasema," nikamwambia.

Akashtuka. "Utasema nini?"

"Kwamba Nasra alitaka mwenyewe. Kwamba hakuuzwa. Kwamba yuko mtu anakunywa maji. Na anayetaka kutoa atoe, mimi mwenyewe nikifa watazame kama kuna kilichobaki kizima, wachukue."

Machozi yakamtoka, akafuta kwa kiganja kinachonuka chungwa. "Na useme tulikubaliana, Mama. Wote. Neno moja tu, watu wa Tanga wanirudishe. Nimechoka kuwa peke yangu."

Niliinuka nikaenda jikoni, kwa kuwa magoti mabaya ni afadhali kuliko uso ule. Mayai yamerudi siku hizi, trei nzima iko juu ya kabati. Nikakaanga viazi, nikavunja mayai matatu juu yake, nikageuza, nikamwekea mbele yake na pilipili pembeni. Akala kama mtoto, kwa mkono, harakaharaka, anajiunguza. Nilimpenda mpaka kifua kikauma. Aliponyanyua uso akaniuliza swali ambalo miaka yote hakuthubutu.

"Kama ningekuuliza siku ile, ungesemaje? Ungekataa, Mama. Ungepiga kelele hospitali nzima ikasikia."

Labda. Labda ningewafukuza madaktari kwa kiatu. Labda ningelia, ningekunywa ile chai ya Mama Furaha, ningemtazama mtoto vizuri, ningesema haya, mpeni huyo mwenye kiu. Sijui, na sitajua. Kelele zile zilikuwa zangu, na ile "haya, mpeni" ilikuwa yangu. Na kama ningejua, pale mlangoni nisingemwahidi mayai. Ningemuaga. Hicho ndicho walichonichukulia, na hakuna mgonjwa yeyote aliyepewa.

Nilimwambia hayo yote, taratibu, na mkono wangu juu ya mkono wake wenye mafuta. Alisikiliza. Nadhani alielewa. Halafu, kwa kuwa ni mwanangu na ukaidi ameutoa kwangu, akaniuliza tena, kwa sauti ya chini, kama nitalisema neno lile au silisemi.

"Sisemi nilikubali. Sikuulizwa."